Siku Manka Alipovuka Daraja

Watu wa Kiboriloni walikuwa wameshakubaliana kwamba Manka lazima afe. Filemon fundi redio alikuwa amemfikisha darajani mara tatu, na mara zote tatu alimwona akianguka na mkuki wake, steringi akapiga magoti, muziki wa huzuni ukapigwa, halafu gemu likaendelea bila yeye.

"Ndivyo lilivyotengenezwa," Filemon alisema. "Steringi hafi. Anayekufa ni mwenzake. Tangu lini umeona picha ambayo mwenzake steringi anafika mwisho?"

Mimi nikasema safari hii hafi. Nilisema kwa sauti, mbele ya benchi zima, pedi ya kuchezea gemu ikiwa mkononi. Nikishasema kitu kwa hasira, mimi huwa sirudi nyuma hata kama nimeshajua nimekosea. Hiyo ilikuwa Jumatatu, mwezi wa saba, mwaka elfu mbili na mbili, baridi imekaza na mlima haujaonekana wiki nzima.

Kibanda kilikuwa cha Primus, mtoto wa baba yangu mdogo. Kilikuwa nyuma ya soko la mitumba: TV mbili, plei-stesheni mbili, mabenchi matatu, na blanketi kuukuu mlangoni ili mwanga usipige kwenye vioo. TV kubwa ilikuwa ya gemu la mpira. Ile ndogo ya inchi kumi na nne ilikuwa ya mengineyo, na mengineyo yalikuwa mimi. Wavulana walinizoea kama mtu anavyozoea paka wa dukani.

Diski yenyewe ililetwa na Vedastus, utingo wa malori ya Holili, aliyeipata Nairobi. Ilikuwa ya Kijapani mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyejua hata inaitwaje. Tulielewa kwa macho tu, na majina tukayatoa wenyewe. Kijana mwenye upanga alikuwa Steringi, basi. Msichana aliyefuatana naye, mrefu, mkuki mkononi na shuka jekundu begani, anayetembea haraka utadhani anawahi gulio, tukamwita Manka. Jina likakaa.

Vedastus ndiye aliyenitia moyo. "Nairobi walisema huyo dada ana jambo lake la kwao," aliniambia. "Ukimsaidia alimalize, darajani hafi. Usipomsaidia, anaingia vitani moyo wake uko nyumbani."

"Jambo gani?"

"Sasa dada Hilda, mimi najua Kijapani?"

Primus naye akanipa tarehe. Kibanda kilikuwa na kadi moja tu ya kuhifadhia gemu, nayo ilikuwa imejaa, na Jumamosi ligi ya mpira ilikuwa inaanza, timu kumi na sita. Gemu langu ndilo lililokula nafasi kubwa kuliko yote.

"Jumamosi saa sita mchana nafuta," alisema. "Uwe umemaliza, uwe hujamaliza. Usije ukanililia hapa."

Labda unashangaa mtu mzima anahangaika nini na mwanamke wa kwenye TV. Nitakuambia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikuwa nimemaliza kitu chochote duniani. Ushonaji niliuachia kwenye kola. Uhazili niliuacha wiki mbili kabla ya mtihani. Mitumba nilifanya miezi minne, nikachoka kubishana na watu. Mama yangu, Anyesi, kule Marangu, aliwaambia wenzake wa jumuiya kwamba Hilda ana mikono mizuri sana ya kuanzia kazi. Alisema kama sifa, na ilinichoma kuliko matusi. Nilitaka kumaliza kitu kimoja, na nilitaka Manka aishi. Nilikuwa nampenda, nisifiche.

Jambo lake lilikuwa rahisi kulipata. Kila tulipopita njia ya mlimani, Manka alibaki nyuma, akageuza kichwa kushoto, na alama ndogo nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake. Jumatatu hiyo hiyo nikamfuata kushoto. Tukapanda, tukapanda, tukatokea kwenye shamba.

Lilikuwa kwao. Hilo halikuhitaji Kijapani. Mlangoni pa nyumba aliketi mzee mwenye pua kama ya Manka na shuka jekundu kama lake. Manka akamsogelea. Mzee akanyanyua kigoda chake, akakigeuza, akaketi akimpa mgongo.

"Mae!" Primus alisema kutoka upande wa mpira. "Huyo amekasirika kweli."

Shamba lote lilikuwa limekauka, miti imebaki vijiti. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta la udongo, na juu yake na kuzunguka kwake mimea ya kijani, majani marefu membamba, yamesimama. Ilikuwa ni kijani pekee shamba zima. Benchi lote likaitambua kwa pamoja, maana hakuna Mchagga ambaye ungemwonyesha kitu kile akakwambia ni kingine. Yalikuwa masale.

Kwetu isale hupandwa mpakani na makaburini. Jani lake unaweza kulichuma ukampelekea uliyemkosea, na akilipokea hawezi tena kukunyima msamaha. Lakini kulifyeka, na juu ya kaburi, hapana. Hata mbuzi wanafundishwa.

Kwa hiyo ndani ya dakika moja tulikuwa tumeshaijua habari yote ya Manka. Mama yake amezikwa pale. Yeye alikuwa vitani, msiba ukampita. Mzee hajamsamehe.

"Amekosa mazishi ya mama yake mzazi," alisema Filemon, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Hata mimi nisingemtazama."

Tulianza kazi ya kusuluhisha. Jumanne tulimpelekea mzee mtungi kutoka soko la bondeni. Sisi tuliuita mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee akatikisa kichwa. Tukampelekea asali, akatikisa kichwa. Jumatano tukanunua mbuzi, maana katika gemu lile mbuzi walikuwapo, na Manka akamswaga kutoka bondeni hadi juu, nusu saa nzima, mbuzi akikimbilia kila kichaka. Mzee hata hakumtazama.

Baba Efraimu, mshona viatu aliyekuwa na kijiwe chake ubavuni mwa kibanda, aliposikia kuna mbuzi aliingia na sindano mkononi.

"Mbuzi gani? Ana doa?"

"Shikamoo, baba. Ni mweupe tu. Kwenye gemu wapo wa aina moja."

"Marahaba. Basi mpelekeeni wa pili. Mmoja ni wa mzee, mmoja ni wa marehemu."

Tulimpeleka wa pili. Tukajaribu pia kuchuma jani moja la isale, tukambonyezea Manka kitufe cha kuokotea vitu, taratibu, kwa heshima. Hakuokota kitu. Alhamisi tulimpigisha magoti mbele ya tuta, mara tatu, kila mara kwa muda ule ambao mtu husali Baba Yetu na Salamu Maria. Wavulana wa mpira walikuwa wanasimamisha mechi zao waje kutazama. Mzee alibaki amempa binti yake mgongo, na mimi jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa shangazi nikiwa sitaki tena kuiona pedi. Nilijua dalili zile. Hivyo ndivyo nilivyojisikia nilipokuwa karibu kuacha kola.

Ijumaa asubuhi akaja Scola.

Scola tulisoma naye uhazili, na yeye aliumaliza. Alizaliwa kambini kwenye mashamba ya miwa, kule chini tambarare, ambako watu wametoka kila mkoa kuja kufanya kazi. Baba yake alitoka Singida akiwa mkata miwa, baadaye akawa mtu wa maji: kutwa anatembea kando ya mifereji na jembe begani, anafungulia huku, anaziba kule. Scola alikuja kuniangalia kwa sababu hakuniona siku tano. Akaketi kando yangu, akafungua karanga zake, akatazama kama dakika kumi bila kusema neno. Kwa Scola hiyo ni rekodi.

"Hilda," alisema, "hawa maji yao yamepotelea wapi?"

"Maji gani?"

"Si huo mfereji hapo."

Alinyoosha kidole kwenye mstari wa kahawia uliokatiza shamba. Sisi tulidhani ni njia. Steringi alikuwa ameukanyaga siku nne, yeye na mbuzi wawili.

"Hiyo ni njia," Filemon alisema.

"Njia gani inapitia kila jaruba? Mtu anaenda nyumbani kwake anazunguka shamba lote kwanza? Huo ni mfereji, kaka, umekauka. Na unaanzia pale." Kidole chake kikapanda hadi kwenye tuta. "Pale pameziba. Baba yangu husema ukiona kwingine pakavu na sehemu moja majani yamestawi, maji yako chini yake. Fyeka hayo majani, chimbua."

Kwenye TV kubwa mtu alifunga goli na hakuna aliyeshangilia.

"Binti," Baba Efraimu alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "pale ni kaburini."

"Shikamoo, baba. Nani kawaambia ni kaburini?"

Nikamwonyesha yale majani kwenye TV.

"Masale," nilisema mimi.

"Masale ndiyo nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, maana Scola hana dharau, akatafuna karanga mbili, kisha akauliza swali ambalo sitalisahau.

"Na hao Wajapani wanayajua masale?"

Nilihisi masikio yananichoma moto. Katika gemu lile tulikuwa tumekata kila kitu. Tulikata vichaka, mitungi, milango ya watu, nguzo za taa. Filemon aliwahi kukata kibanda cha kuku bila sababu yoyote. Ndivyo gemu lilivyochezwa: ukiona kitu, kipige upanga uone kina nini. Lakini pale nyuma ya nyumba, siku nne, watu zaidi ya ishirini tulishika pedi ile kwa zamu na hakuna hata mmoja aliyeinua upanga, hata kwa bahati mbaya. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba sisi ni watu wa mifereji. Babu zetu waliichimba ubavuni mwa mlima. Marangu nililala utoto wangu wote nikisikia maji ya mfereji nyuma ya nyumba. Halafu anakuja mtu wa tambarare ananionyesha.

"Ukikata na mzee akachukia, ndiyo basi," Filemon alinionya. "Unakumbuka kijiji cha kwanza? Tulikata ua wa mtu, lango limefungwa mpaka leo."

"Mimi sitatazama," alisema Baba Efraimu, akatoka. Lakini viatu vyake niliviona chini ya blanketi la mlangoni. Vilisimama palepale.

Nilibadilisha mhusika, nikamwacha Steringi pembeni, nikamshika Manka mwenyewe. Kama ni kosa, alifanye mwenye kwao. Nikampandisha kwenye tuta. Nitasema ukweli: nilinong'ona, "Samahani, mama." Kisha nikabonyeza.

Mkuki ukakata. Majani yakaanguka. Na kule mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mzee akainuka kigodani.

"Amesimama!" benchi likalia. "Hilda acha! Acha, amekasirika!"

Dole gumba likaganda. Machozi yalikuwa karibu, na hasira pia, na sikujua namkasirikia nani.

"Endelea," alisema Scola. "Mwenye shamba akimwona mtu anazibua mfereji, ataendelea kukaa?"

Nikakata. Mara ya pili, ya tatu, ya sita. Mimea yote ikalala, na chini yake hakukuwa na msalaba wala jiwe la jina, palikuwa na mawe yamerundikana na magogo, takataka ya mafuriko ya zamani. Manka akachomeka mkuki katikati ya mawe bila mimi kubonyeza chochote. Akaulalia kwa uzito wake wote.

Maji yakatoka.

Yalitoka kidogo, kisha yakatoka mengi, yakaingia kwenye ule mstari wa kahawia na kuufuata kila ulipopinda. Jaruba la kwanza likawa kijani, la pili likawa kijani. Mzee akaanza kutembea, halafu akakimbia, mzee yule wa kukaa kutwa, akang'oa majembe mawili ukutani pa nyumba, akaingia majini na viatu vyake. Jembe moja akampa Manka. Wakasimama bega kwa bega wanatoa mawe, baba na binti, na maneno ya Kijapani yakapita chini ya picha, mistari mingi mirefu. Hatukujua wanaambiana nini na hatukuwa na haja. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Primus aliyekuwa amesimama nyuma yangu alinishika bega, akasahau kuutoa mkono.

Baba Efraimu aliinua blanketi.

"Halikuwa kaburi?"

"Halikuwa kaburi, baba."

Alitazama maji, kisha akamgeukia Scola. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akamvua kiatu cha kushoto papo hapo akaenda kumshonea kisigino kilichokuwa kimelegea. Manka alipotoka majini, jina lake kwenye orodha ya wapiganaji lilikuwa limegeuka rangi ya dhahabu.

Jumamosi saa nne nilikuwa darajani.

Habari zilikuwa zimeshatembea. Wachezaji wa ligi walikuja mapema na jezi zao, wakajipanga nyuma ya benchi langu. Primus alikuwa na saa mkononi, na nilimjua Primus, saa sita kwake ni saa sita. Filemon akaketi kulia kwangu kama mtu aliyekuja kwenye msiba, kwa sababu yeye alijua kila hatua ya daraja lile.

Lilikuwa refu, la mbao, juu ya shimo lisilo na mwisho. Adui alikuwa jitu lenye vichwa viwili. Nilipigana nalo kwa saa mbili na dakika zake. Mara mbili Steringi alibaki na tone la uhai, mara mbili Manka akamkinga.

"Sasa," Filemon alinong'ona. "Hapo ndipo. Litanyanyua rungu kwa mkono wa kushoto, na wewe huwezi kufanya kitu, pedi itakufa."

Rungu likanyanyuliwa kwa mkono wa kushoto. Nikabonyeza kila kitufe, pedi imekufa. Rungu likashuka, Manka akajitupa mbele ya Steringi, likampata. Akaenda chini goti moja. Mkuki ukadondoka. Muziki ule wa huzuni ukaanza, na Filemon akafunga macho.

Manka akaweka mkono kwenye mbao za daraja. Akabaki hivyo. Kisha ukatokea mwanga wa buluu miguuni pake, unatiririka, ukampanda magoti, ukampanda kifua. Muziki ukakatika katikati. Akauokota mkuki wake, akainuka, akalikata jitu lile kutoka kiunoni hadi begani kwa pigo moja ambalo hakuna mtu Kiboriloni aliyewahi kuliona. Jitu likaporomoka shimoni. Manka akamshika Steringi mkono, akamvuta, wakavuka.

Sijui nani alipiga kelele wa kwanza. Mabenchi yaliangushwa. Watu wa mitumba waliacha marobota yao wakaja mbio wakidhani mwizi amekamatwa, wakakuta wavulana wenye jezi wamembeba Scola juu juu. Baba Efraimu alikuwa anapiga makofi na soli mbili. Primus, mwenye saa yake, alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga ukelele kama bibi harusi amefika, na ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Nikaendelea kucheza. Hakuna aliyenizuia, manahodha wa timu waliketi chini sakafuni, wakaambiana wanyamaze.

Filemon peke yake hakushangilia. Alikuwa ameuinamia uso wa TV, anatazama msitu ambao Manka na Steringi walikuwa wanaingia, mito yake, taa zake kwenye miti. Mtu aliyelimaliza gemu lile mara tatu.

"Hilda," aliniambia polepole, "huku sijawahi kufika. Mimi kote huku sikujua kama kupo."

Nikamsogezea pedi ya pili ashike Manka. Tukaenda pamoja hadi mwisho kabisa, na ulipofika mwisho majina ya Kijapani yakapita kwa muda mrefu juu ya picha ya watu wawili wanashuka kilima, na kibanda kizima kikayatazama yote, jina kwa jina. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Primus akachomoa kadi ile, akaiweka kwenye mashine ya TV kubwa, akafika kwenye gemu langu. Kidole kikasita. Ndiye aliyekuwa amenitishia wiki nzima, na sasa hakuweza.

"Nifute kweli?" aliniuliza.

"Futa," nikamwambia. "Nimemaliza."

Niliyasema kwa sauti ya kawaida tu, kisha nikamshika Scola mkono, tukatoka kwenda kutafuta ndizi za kuchoma, maana nilikuwa na njaa ya siku tano.